Fedha ya Sanaa Ibaki Tanga

Mwaka 1970, Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili waliojipatia jina wakipiga na Jamhuri Jazz ya Tanga, walifunga virago wakaenda Arusha. Mwaka uliofuata walivuka mpaka wakaingia Kenya, na huko wakaunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 bendi hiyo ikamegeka, likazaliwa kundi la Les Wanyika, ambalo wimbo wake wa Sina Makosa unapigwa kwenye harusi mpaka leo. Studio zilikuwa Kenya. Viwanda vilivyochapa santuri, maduka yaliyoziuza na kumbi zilizojaza watu usiku kucha vilikuwa Kenya pia. Tanga ilitoa wapigaji.

Taarab nayo ilipita njia hiyohiyo. Miaka ya 1960 na 1970, Black Star Musical Club ya Tanga na ndugu yake Lucky Star waliingiza magitaa ya umeme katika taarab wakaubadilisha mwendo wake, hata Mombasa ikaiga. Bi Shakila Saidi, binti wa Pangani, aling'ara humo. Santuri zao nyingi zilitolewa na wafanyabiashara wa Kenya, na mwaka 1989 lebo ya GlobeStyle ya London ikakusanya baadhi ya nyimbo hizo katika albamu iliyoitwa Nyota. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani nje kidogo ya mji wa Tanga mwaka 1909, alichapishiwa Kusadikika na kampuni ya Nelson ya Uingereza, na vitabu vyake vingine vikachapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Ukitoka kwenye sanaa ukaingia shambani, mkonge ulioletwa Kikogwe, karibu na Pangani, na Richard Hindorf mwaka 1893, ulifikia kilele chake mwaka 1964 kwa tani zipatazo 230,000, na sehemu kubwa ikapakiwa melini ikiwa singa tupu.

Siwalaumu waliohama. Aliyehama alifuata studio, mchapaji na mlipaji, na Tanga haikuwa na hivyo. Ninachosema ni kwamba pwani hii haijawahi kupungukiwa na vipaji hata siku moja. Kinachopungua ni yale yanayokuja baada ya kipaji: kuweka bei, kuandika mkataba, kumiliki kazi, kuimalizia hapahapa na kuiuza mwenyewe. Takwimu za taifa zimekuwa zikiitaja sanaa na burudani miongoni mwa shughuli zinazokua kwa kasi zaidi nchini, ingawa mchango wake katika pato la taifa bado ni mdogo. Ukuaji huo utamfaa msusi wa Pangani au mwimbaji wa Ngamiani pale tu atakapokuwa ameshika sehemu yake kwa mikono miwili.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesuka, unayechonga, unayeimba, unayetunga au unayepiga picha, ukiwa Tanga mjini, Pangani, Muheza, Mkinga au milimani Lushoto. Ni wa kiongozi wa kikundi pia. Mwishoni nina neno kwa madiwani.

Hesabu ulichonacho kabla ya kuomba mtaji

Vikundi vingi huanza kwa kuandika andiko la kuomba fedha. Anza kwa kuandika orodha. Kaeni siku moja, muorodheshe malighafi iliyo karibu nanyi, watu wanaojua kazi, na wateja ambao tayari wanapita mlangoni.

Tanga ina malighafi ambayo miji mingine inaiota. Singa za mkonge zinatoka kwenye korona, mitambo ya kuchakata mkonge, zilizo mwendo mfupi kutoka mjini, na Bodi ya Mkonge Tanzania ina makao yake hapahapa. Majirani zetu wa Kenya wameonyesha kwa kiondo jinsi singa ileile, ikisokotwa vizuri, ikatiwa rangi, ikashonewa mkanda wa ngozi na bitana ndani, inavyouzwa kwa bei ya mkoba wa dukani. Hakuna katika kiondo kitu ambacho mwanamke wa Korogwe au Muheza hawezi kukifanya. Anachokosa mara nyingi ni ngozi nzuri, zipu isiyokatika na mtu wa kumwambia ukubwa unaotakiwa mwaka huu.

Ukindu upo. Mafundi wa kuchonga majahazi na ngalawa wapo Pangani na kando ya pwani yote, na mabaki ya mbao zao ni malighafi ya fremu, vibao vya majina na vinyago vya vyombo. Waimbaji wapo, washairi wapo, ngoma zipo, kuanzia mdumange wa milimani hadi baikoko ya mjini. Mandhari ya kupigia filamu ipo bila gharama ya kuijenga: mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, nyumba za kale za Pangani, boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi, na mitaa ya Ngamiani yenye barabara za namba.

Katika orodha ya watu, waandikeni wazee kwanza. Fundi mwenye miaka 70 anayejua rangi za asili au maghani ya zamani ni mtaji usiorudi akiondoka. Mrekodini sasa, kwa simu nzuri na mahali patulivu, mkitaja jina lake, tarehe na mahali mwanzoni mwa rekodi. Mwombeni ridhaa yake kwa maneno yaliyorekodiwa, na mkubaliane naye atapata nini iwapo kazi hiyo itauzwa siku moja. Kumrekodi mzee kisha kuuza sauti yake bila yeye kujua ni wizi, hata kama aliyefanya hivyo ni mjukuu wake.

Bei isianze mdomoni mwa mteja

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tazama mkeka. Majani ya mkindu hukatwa machanga, huanikwa juani mpaka yageuke rangi, kisha huchanwa kwa sindano yawe nyuzi za upana mmoja. Yanayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa kwenye sufuria na unga wa rangi wa dukani: zambarau, kijani, waridi kali. Yakikauka tena, mwanamke huketi barazani na kusuka ukili, utepe mrefu anaoukunja kadiri unavyokua mpaka uwe kama gurudumu pembeni yake. Ukili ukitosha ndipo hushonwa, ukingo kwa ukingo, mkeka ukapatikana. Yote haya hufanyika katikati ya kupika, kuteka maji na kulea, na kwa sababu hiyo muda wake hauhesabiwi. Mteja akifika anauliza bei, mwenye mkeka anamwangalia usoni, anataja elfu 40, wanashuka hadi 25,000, na kila mmoja anaondoka akidhani amepata.

Chukua daftari. Tuseme, kwa mfano tu, ukindu umekugharimu 6,000, rangi 2,000, uzi na sindano 1,000, mkaa 1,500 na nauli ya sokoni 1,500. Hiyo ni 12,000 kabla hujajilipa hata senti. Tuseme kazi imechukua siku 6. Ukiuza kwa 25,000, kilichobaki ni 13,000, yaani shilingi 2,000 na kidogo kwa siku. Hakuna kibarua wa shamba atakayekubali ujira huo, ila wewe umeukubali kwa mikono yako mwenyewe kwa kuwa hukuuona. Sasa jilipe 5,000 kwa siku: 30,000 pamoja na 12,000 za vifaa ni 42,000. Ongeza 6,000 za mfuko wa kikundi, zitakazonunua ukindu wa mwezi ujao. Bei yako ya jumla ni 48,000. Chini ya hapo unauza afya yako.

Badilisha tarakimu hizo kwa zako. La msingi ni kwamba ukae na saa, uandike kila siku ulianza saa ngapi na kuacha saa ngapi, kwa mikeka mitatu ya kwanza. Wengi hushtuka.

Bei ya rejareja iwe juu ya hiyo ya jumla, na hapa kuna sheria moja ya biashara ambayo wasanii wa pwani huivunja bila kujua. Duka la hoteli likinunua kwako kwa 48,000 na kuuza 70,000, nawe ukikutana na mgeni ufukweni muuzie 70,000. Ukimuuzia 50,000 ili umalize haraka, mwenye duka atasikia kabla ya jioni na hataagiza tena. Duka lile ndilo linalokuuzia wakati umelala.

Jambo la pili ni ubora unaofanana. Hoteli ikiagiza vikapu 40, haitaki vikapu 40 vya ukubwa 40. Tengenezeni kigezo kwa fundi seremala, fremu ya mbao au mduara wa bati, kila msusi apime kazi yake hapo. Wekeni sampuli moja iliyoidhinishwa na mteja, isiuzwe kamwe, ili ukitokea ubishi muwe na cha kulinganisha. Rangi ijaribiwe: lowesha kitambaa cheupe, sugua mkeka, kikichafuka, rangi haijashika na mteja atarudi na gauni lake lililoharibika. Mkiona hivyo, rudini sufuriani.

Hoteli nyingi na maduka ya zawadi hupenda mali kauli: unaacha vitu, unalipwa vikiuzwa. Si vibaya, mradi iandikwe. Orodha ya vitu, idadi, bei ya kila kimoja, tarehe ya kuja kuhesabu, na nani atabeba hasara kikiibiwa au kikiliwa na panya. Nakala mbili, sahihi mbili. Mali kauli isiyo na karatasi huishia kwenye salamu.

Ukiuza kwa simu, piga picha asubuhi kivulini, nyuma pawe ukuta mtupu au mchanga, na mtu ashike bidhaa ili ukubwa uonekane. Andika vipimo na bei pale pale chini ya picha. Mtindo wa kumwambia mteja aje inboksi kuuliza bei unamfukuza yule mwenye fedha, kwani hana muda wa kuulizana. Toa namba ya lipa yenye jina la kikundi, isiwe namba binafsi ya mweka hazina. Mzigo wa Dar utumwe kwa basi, mteja apelekewe picha ya risiti, namba ya gari na saa ya kufika.

Kabla hujaingia studio

Muziki na maandishi yana hatari yake: bidhaa haionekani, kwa hiyo hata wizi wake hauonekani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu pale unapoiandika au kuirekodi kazi yako. Huhitaji kuisajili ili iwe yako, na ulinzi wake hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, unakupa ushahidi. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA. Kwa kuwa ushahidi ndio kila kitu siku ya ugomvi, weka daftari la tungo lenye tarehe, usitupe rasimu, na ukimaliza wimbo mpya ujirekodi kwa simu uutume kwako mwenyewe na kwa mtu unayemwamini. Wimbo wa Malaika unajulikana dunia nzima, na hata hivyo hadi leo watu hubishana kama mtunzi wake alikuwa Fadhili William au Adam Salim.

Katika taarab tatizo ni gumu zaidi, maana kazi ina wenyewe wengi. Kuna aliyetunga shairi, kuna aliyelitia sauti, kuna waliopiga, na kuna aliyeimba. Kwa desturi anayejulikana ni mwimbaji, naye mshairi hupewa ahsante na kanga. Acheni desturi hiyo. Kabla ya kwenda studio, andikeni karatasi moja: jina la wimbo, nani ametunga maneno, nani ametia sauti, asilimia ya kila mmoja, sahihi. Dakika 10 zinatosha. Mkishindwa kukubaliana siku hiyo ambapo wimbo hauna thamani, hamtakubaliana siku utakapokuwa na thamani.

Muulize prodyuza, mbele ya mashahidi, nani atamiliki masta, yaani rekodi ya asili. Kama umelipia studio kwa fedha yako, masta iwe yako. Kama prodyuza amekurekodi bure, ni haki apate sehemu, ila sehemu ina kiasi na ina muda. Usisaini mahali palipoandikwa kwamba unahamisha haki zote milele. Ruhusu matumizi fulani, katika nchi fulani, kwa miaka fulani. Na kama mkataba uko kwa lugha usiyoisoma vizuri, usisaini siku hiyohiyo, hata gari likiwa linasubiri nje.

Kuna mfano wa mtoto wa Muheza. Hamis Mwinjuma, anayejulikana kwa jina la Mwana FA, pamoja na mwenzake AY walikwenda mahakamani baada ya kampuni ya simu kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2, na kampuni ikakata rufaa. Mwana FA aliingia bungeni mwaka 2020 kwa jimbo la Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara yenye dhamana ya sanaa. Funzo ninalolichukua ni dogo na la kazi: wale wawili waliweza kuthibitisha kwamba nyimbo ni zao. Msanii asiye na karatasi angeishia kulalamika redioni.

Usitegemee mirabaha peke yake. Januari 2022 COSOTA iligawa shilingi milioni 312 kwa nyimbo 5,924 zilizopigwa redioni. Ukigawanya sawasawa, ni kama shilingi 53,000 kwa wimbo. Ni haki yako, idai, jisajili ili jina lako liwemo. Lakini kodi ya nyumba utaipata kwenye maonyesho, kwenye harusi na kwenye kazi za kuagizwa.

Hakimiliki haikulindii kila kitu, na afadhali ulijue hilo mapema. Edward Saidi Tingatinga, ambaye kabla ya kuwa mchoraji alipata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, alifariki mwaka 1972. Mtindo aliouanzisha unachorwa leo na maelfu ya mikono, kwa sababu sheria hulinda picha yenyewe, haizuii mtindo kuigwa. Wanafunzi na jamaa zake walichoweza kufanya ni kuungana, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao Dar es Salaam. Wewe nawe huwezi kumzuia mtu kusuka mkoba unaofanana na wako. Unaweza kusajili kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, jina la biashara na alama ya biashara, ukaishona ndani ya kila mkoba, ili mnunuzi ajue upi ni wa Pangani na upi umetoka kiwandani ng'ambo. Ngoma ya jadi nayo ni ya jamii nzima. Mpangilio wenu na rekodi yenu ni mali yenu, ila asitokee mmoja akaiandikisha ngoma ya ukoo kwa jina lake.

Mchora kanga na mtunga jina la kanga wako katika hatari hiyohiyo. Mfanyabiashara akinunua mchoro wako, kubalianeni atachapa doti ngapi kwa fedha hiyo, na akizidisha alipe tena. Kanga nyingi tunazojifunga huchapwa India, kwa hiyo ukishaachia mchoro bila mkataba huwezi kuufuata.

Karatasi za serikali

Hizi zinachosha, lakini si nyingi. Nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Yeye ndiye atakayekuelekeza usajili wa msanii na kikundi katika Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Filamu hupitia Bodi ya Filamu. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa na TRA bila malipo. Jina la biashara ni BRELA, kwa mtandao. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Tanga na hufundisha usindikaji, ufungashaji na utunzaji wa vitabu.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Vikundi vya sanaa mara nyingi havijitokezi, vikidhani fedha hiyo ni ya wafuga kuku na mashine za kusaga. Si kweli. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaokopesha wasanii kupitia benki. Omba mkopo wa kitu kinachozalisha, kama cherehani ya ngozi, spika au kamera, na uwe na oda mkononi kabla ya kukopa. Kukopa ili kushona sare za kikundi ni kujitafutia madeni.

Kalenda ya pwani

Sanaa ya mwambao ina misimu yake, na asiyeipanga hulala njaa nusu mwaka. Ramadhani harusi hakuna, na ala za taarab hupumzika. Wiki za kabla ya mfungo na baada ya Idi ndizo za mavuno: kumbi zimejaa, wapambaji, wapiga picha, washonaji na bendi hawana nafasi. Mfungo Sita ni mwezi wa maulidi, nao una kazi zake: mikeka, kanzu, kofia, vipaza sauti. Basi Ramadhani itumieni kurekodi video, kutunga, kutengeneza ala na kukusanya madeni.

Wageni wa ufukwe wa Pangani, hifadhi ya Saadani na milima ya Usambara huja zaidi kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Masika, baadhi ya hoteli za pwani hufunga, na ukindu hauanikiki. Kwa hiyo akiba ya ukindu mkavu iwekwe kabla ya Machi, na kazi ya kusuka ifanyike ndani wakati mvua inanyesha, ili Juni mzigo uwe tayari. Maonyesho ya biashara ya Mwahako, hapa Tanga, na Sabasaba ya Dar yaingizeni kwenye mpango mapema, mkijua mtabeba nini na mtauza kwa bei gani.

Kuna mteja mpya ambaye wasanii wengi hawajamfikiria. Tangu Agosti 5, 2017, lilipowekwa jiwe la msingi Chongoleani, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima limeleta Tanga makampuni, wahandisi, ofisi na nyumba za kupanga. Ofisi zinataka zawadi za wageni, mapambo ya ukutani, video za shughuli zao, muziki wa sherehe za mwisho wa mwaka. Lakini ofisi hainunui kwa mtu asiye na TIN, akaunti ya benki na risiti. Andaeni barua fupi yenye picha sita na bei, mpeleke kwa mkono, mrudi baada ya wiki mbili kuulizia.

Na harusi? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na tunzo zile za noti zinazobandikwa usoni mwa mwimbaji ni tamu kweli. Ila kutunzwa si malipo. Bendi iwe na bei yake, nusu ilipwe siku ya kuweka miadi, iliyobaki kabla ya wimbo wa kwanza. Tunzo zikija, kundi liwe limeshakubaliana zinagawanywaje: mwimbaji kiasi gani, wapigaji kiasi gani, mfuko kiasi gani. Makundi mengi ya taarab yamevunjika kwa ajili ya kapu la tunzo.

Kikundi kisife na mwenyekiti

Katiba ya kikundi iandikwe kwa Kiswahili ambacho kila mwanachama anakielewa, isomwe kwa sauti, ibadilishwe palipo na ubishi. Akaunti iwe na watia sahihi watatu. Kila mwezi mapato na matumizi yasomwe mbele ya wote, hata kama ni shilingi 15,000. Ala zinunuliwe kwa jina la kikundi, na risiti zitunzwe, kwa sababu kiongozi akifariki warithi wake hawatajua kinanda ni cha nani. Na kila kazi ngumu, kuanzia kuchemsha rangi hadi kuzungumza na hoteli, ijulikane na watu wawili angalau. Chukueni kijana mmoja kila mwaka akae na fundi, mmlipe nauli na chakula.

Neno kwa madiwani

Waheshimiwa, hamhitaji kujenga ukumbi wa mabilioni. Tengeni sehemu yenye kivuli, taa na choo kwa wauza kazi za mikono, pale wageni wanapopita, mjini na Pangani. Viwanja vya Tangamano viwe na jioni moja ya muziki kila mwezi, yenye kibali cha kudumu, ili kundi lisianze kuzunguka ofisi upya kila mara. Zawadi za halmashauri kwa wageni zinunuliwe kwa vikundi vyenu, kwa bei halali na kwa wakati. Msanii mdogo akicheleweshewa malipo miezi 6, biashara yake imekufa. Shule za sekondari zinunue vitabu vya waandishi wa mkoa huu. Mkoa uliomzaa Shaaban Robert haustahili kukosa duka moja ambamo mgeni anaweza kuvinunua vitabu vyake vyote.

Nawe msomaji, diwani hawezi kupigania ombi ambalo hajaandikiwa. Kaeni kama kikundi mwezi huu, chagueni jambo moja katika haya manne, mliandikie barua ya ukurasa mmoja, mpeleke kwa diwani wa kata na nakala kwa afisa utamaduni, mgongewe muhuri wa kupokelewa. Fanyeni hivyo kabla ya Desemba kwisha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, bajeti za halmashauri hupitishwa miezi kadhaa kabla, na barua itakayofika Juni itasubiri mwaka mzima.